Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tembo

Maswali haya hunifikia kutoka pande tatu: wanafunzi wanaoletwa na basi la shule, wageni wa ndani wanaotaka picha kabla ya maelezo, na wakulima wanaoishi kando ya hifadhi, ambao wao hawaulizi kwa mzaha. Nimeyaandika kadiri yalivyonijia. Majibu mengi yanamhusu tembo wa savana wa Afrika Mashariki, kwa kuwa huyo ndiye ninayeonana naye.

Ni tembo au ndovu?

Mnyama ni yule yule. Tanzania utasikia tembo zaidi, Kenya utasikia ndovu hata kwenye taarifa ya habari, na methali zinatumia yote mawili. Tembo lina usumbufu wake, maana ni jina la pombe ya mnazi pia. Mtu wa Pwani akikwambia jana ameshinda na tembo, muulize kwanza kama alikuwa mbugani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ulevi: ile hadithi ya tembo kulewa matunda ya mng'ong'o yaliyochacha haishiki. Mnyama wa tani kadhaa angehitaji kula matunda mengi mno kwa wakati mmoja, tena yeye huyapenda yakiwa bado mtini kuliko yaliyoozea chini.

Wako wa aina ngapi?

Watatu. Wawili ni wa Afrika: tembo wa savana, ndiye wa Serengeti, Tsavo na Ruaha, na tembo wa msitu, anayeishi katika misitu ya Kongo, Gabon na nchi jirani. Wa tatu ni tembo wa Asia. Zamani wale wawili wa Afrika walihesabiwa kuwa aina moja, lakini vinasaba vyao vimeonyesha kuwa waliachana kitambo sana. Wa msitu ni mdogo, masikio yake ni ya mviringo, na pembe zake zimenyooka kuelekea chini, jambo linalomsaidia kupita vichakani. Wa Asia ana masikio madogo, mgongo wenye nundu, na majike yake kwa kawaida hayana pembe za kuonekana.

Ukitaka kumtambua kwa haraka, tazama ncha ya mkonga. Wa Afrika ana "vidole" viwili, wa Asia kimoja.

Ni mkubwa kiasi gani?

Dume la savana lililokomaa hufika mita 3 hadi 4 begani na uzito wa tani 6. Jike ni karibu nusu ya uzito huo. Hakuna mnyama wa nchi kavu anayemzidi.

Kinachowashangaza wageni zaidi ya ukubwa ni ukimya. Tembo anatembea juu ya ncha za vidole, na nyuma ya vidole hivyo kuna mto mnene wa mafuta unaotanuka anapokanyaga. Kundi la tembo ishirini linaweza kupita karibu na hema lako usiku, ukasikia matawi yakivunjika na matumbo yakinguruma, lakini usisikie hatua hata moja.

Mkonga una kazi gani?

Ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana, hauna mfupa hata mmoja, na umejaa maelfu ya misuli. Kwa mkonga huo huo anang'oa mti na anaokota ganda moja la mgunga lililodondoka. Anavutia maji, yapata lita 8 kwa mvuto mmoja, lakini hanywi kupitia humo kama mrija: anayavuta, kisha anayamimina mdomoni. Akiogelea huuinua juu ya maji akapumua. Akitaka kujua nani yuko mbele, huuinua hewani kunusa, na pua hiyo haina mpinzani wa karibu.

Ndama hazaliwi akiujua. Miezi ya kwanza utamwona anaukanyaga, anauzungusha ovyo, na akifika majini anapiga magoti na kunywa kwa mdomo.

Pembe zake ni pembe kweli?

Hapana, ni meno. Ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyopitiliza, na yanaendelea kukua maisha yote. Ndiyo maana maaskari wa wanyamapori Tanzania wanasema "meno ya tembo", na wako sahihi kuliko sisi wengine. Karibu theluthi moja ya jino hilo imezama ndani ya fuvu, na humo kuna neva. Jangili anayetaka jino zima lazima auchanechane uso wa mnyama. Hakuna namna ya kulitoa lote na kumwacha hai.

Tembo wana mkono wa kulia na wa kushoto kama sisi. Ukitazama vizuri utaona pembe moja ni fupi au imelika zaidi: hiyo ndiyo anayochimbia na kubandulia magome.

Pembe nzito kuliko zote zinazojulikana zilitoka kwa dume lililouawa katika miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898. Kila moja ilikaribia kilo 100. Ziliuzwa Zanzibar, na leo ziko jumba la makumbusho London.

Anakula nini, na kwa nini hashibi?

Nyasi, majani, magome, mizizi, matunda. Kwa siku anaweza kula kilo 150 na kunywa lita 100 au zaidi, na kazi ya kula humchukua saa kumi na sita hivi. Hashibi kwa sababu tumbo lake halichambui vizuri: zaidi ya nusu ya alichokula hutoka kama kilivyo. Vunja kinyesi chake kikavu utakuta nyuzi za nyasi na mbegu nzima. Mbegu hizo zimesafirishwa kilomita nyingi na kupandwa kwenye mbolea bila gharama ya mtu.

Wakati wa kiangazi anageukia miti. Mibuyu ya Ruaha na Tarangire imejaa makovu yake, kwa kuwa ndani ya shina kuna nyuzi zenye maji. Mito ikikauka anachimba mchangani kwa miguu na mkonga mpaka maji yapande, na akiondoka, nyani, pundamilia na ndege wanakunywa kwenye kisima chake. Chumvi nayo huitafuta. Katika Mlima Elgon upande wa Kenya, tembo wameingia pango la Kitum usiku kwa vizazi, gizani kabisa, kukwangua ukuta wenye chumvi kwa pembe.

Sasa jambo ambalo watu wachache wanalijua. Tembo ana magego makubwa kama tofali, na hubadilishwa mara tano katika maisha yake. Jipya haliotei chini ya la zamani kama letu. Linatokea nyuma na kulisukuma la zamani mbele mpaka livunjike vipande. Seti ni sita tu. Ya mwisho hutokea anapokaribia miaka arobaini, na ikishalika hakuna nyingine. Tembo aliyeepuka bunduki na ukame hufa akiwa na miaka sitini hivi kwa njaa, katikati ya chakula asichoweza kukitafuna.

Nani kiongozi wa kundi?

Bibi. Kundi la tembo ni familia ya majike: bibi, mabinti zake, wajukuu, na madume madogo ambayo bado hayajaondoka. Kiongozi kwa kawaida ndiye jike mkubwa kwa umri. Hapigani na wenzake ili atawale. Wanamfuata kwa sababu anajua maji yako wapi.

Mfano ninaoupenda ni wa hapa kwetu Tarangire. Mwaka 1993 ulikuja ukame mbaya. Kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti, 16 walikufa ndani ya miezi tisa, wakati katika miaka ya kawaida hufa wawili hivi katika kila mia. Vifo havikugawanyika sawa. Familia zilizotoka nje ya hifadhi kwenda kutafuta maji na malisho ziliokoa ndama wengi zaidi kuliko zilizobaki. Watafiti walipoangalia umri wa viongozi, walikuta kwamba waliotoka walikuwa na mabibi wa umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa 1958 hadi 1961. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita. Walioongozwa na vijana walibaki, maana hakuna aliyewahi kuonyeshwa njia ya kutokea.

Sasa fikiria jangili. Yeye huchagua mwenye pembe kubwa, na mwenye pembe kubwa ndiye mzee. Anaondoka na meno mawili, familia inabaki na vijana wasiojua kisima kiko wapi.

Madume yanaishi wapi basi?

Dume kijana huanza kujitenga na familia akiwa na miaka 12 hadi 15. Mara nyingine majike ndiyo yanayomfukuza, amekuwa msumbufu. Hatembei peke yake daima kama watu wanavyodhani. Madume huandamana, na vijana hupenda kukaa karibu na mzee.

Kuanzia miaka 25 au 30, dume huingia kila mwaka katika kipindi ambacho homoni zinampanda kupita kiasi. Utaona majimaji yakichuruzika kati ya jicho na sikio, mkojo ukidondoka mfululizo, kichwa juu. Wakati huo msogelee kwa macho tu, tena kutoka mbali.

Uwepo wa wazee huzuia mengi. Hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, ililetewa tembo wachanga mayatima, wakakua bila dume kubwa hata moja. Katika miaka ya 1990 vijana hao walipandwa na homoni mapema, wakaanza kuua vifaru, zaidi ya arobaini. Mwaka 1998 waliletwa madume wazee kutoka Kruger, na mauaji yakakoma. Nikiwasimulia walimu kisa hiki hutazamana na kucheka.

Mimba inachukua muda gani?

Miezi 22. Huzaliwa mmoja, pacha ni nadra. Ana uzito wa kilo 100 hivi na anasimama siku hiyo hiyo. Hunyonya miaka miwili au zaidi, na chuchu za mama ziko kifuani kati ya miguu ya mbele, kama za binadamu. Jike huzaa kila baada ya miaka minne au mitano, kwa hiyo idadi ikishuka hairudi haraka.

Ndama ana mama mmoja na walezi wengi. Dada zake na mashangazi humchunga, humwamsha akianguka, humzunguka simba wakitokea.

Ni kweli wanaongea?

Wanaongea, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo hatuisikii. Sauti zao nyingi ni nzito mno kwa sikio la binadamu, na husafiri kilomita kadhaa. Ukiona kundi zima limesimama ghafla, masikio wazi, hakuna aliyepiga kelele, kuna jambo wamelisikia.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliofanywa Samburu na Amboseli, unaoonyesha kuwa tembo huitana kwa miito inayofanya kazi kama majina. Watafiti waliwachezea sauti zilizorekodiwa. Tembo aliyeitwa yeye aliitika au kusogea haraka kuliko alipocheziwa mwito wa mwenzake.

Nasi wanatusikiliza. Huko huko Amboseli, tembo waliochezewa sauti za wanaume wa Kimaasai walijikusanya na kurudi nyuma. Walipochezewa za Wakamba, hofu ilikuwa ndogo. Sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai nazo hazikuwatisha sana. Wanajua nani hubeba mkuki.

Wana makaburi? Wanaomboleza?

Makaburi hawana. Huenda hadithi ilitokana na wale wazee wasio na meno, ambao humalizia siku zao kwenye vinamasi penye majani laini, mifupa ikarundikana hapo. Lakini kuhusu wafu wao, ndiyo, kuna jambo. Wakikuta mifupa ya tembo husimama, huipapasa kwa mkonga na kwa nyayo, hasa fuvu na pembe. Mifupa ya nyati huipita. Mimi siiti maombolezo wala siikatai; nimeona madereva wakizima injini bila kuambiwa.

Maswali ya harakaharaka

*Anaogopa panya?* Hapana. Anaogopa nyuki, tutafika huko.

*Anaruka?* Hawezi kuinua miguu yote minne kwa pamoja. Lakini mwendo wake wa kasi hupita kilomita 24 kwa saa, na wewe kwenye vichaka hufiki huko.

*Analala?* Kidogo sana. Majike wawili waliofungwa vipimo huko Botswana walilala wastani wa saa mbili kwa siku, mara nyingi wamesimama.

*Masikio makubwa ya nini?* Yamejaa mishipa ya damu. Akiyapepea damu inapoa.

*Anapata saratani?* Mara chache sana kwa mnyama mwenye mwili mkubwa hivyo. Ana nakala 20 za jeni inayozuia chembe mbovu kuzaana, ambayo binadamu ana jozi moja tu.

*Ndugu zake ni nani?* Pimbi wa kwenye mawe, na nguva wa baharini. Najua hamtaniamini.

Kwa nini wa Afrika hafugwi akabebeshwa mizigo kama wa Asia?

Imejaribiwa. Kongo, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa na kituo cha kuwafunza tembo mahali paitwapo Gangala-na-Bodio, na walilima na kuvuta mikokoteni. Kabla ya hapo, mwaka 1879, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India. Waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, wakaanza safari ya kwenda Ziwa Tanganyika kuona kama wangechukua nafasi ya wapagazi. Wote walikufa. Biashara ya pembe ikaendelea kubebwa mabegani mwa watu mpaka Bagamoyo, na kutoka Zanzibar zikaenda kuwa vitufe vya piano Marekani na vipini vya visu Uingereza.

Wamebaki wangapi?

Hesabu ya bara zima iliyotolewa mwaka 2016 ilikuwa takriban 415,000. Botswana ndiyo yenye wengi, zaidi ya 130,000. Kenya ilihesabu 36,280 mwaka 2021. Tangu 2021 tembo wa savana amewekwa katika kundi la walio hatarini, na wa msitu katika kundi la walio hatarini zaidi.

Tanzania ina kidonda chake. Mwaka 2009 nchi ilikadiriwa kuwa na tembo 109,000; mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Selous peke yake ilikuwa na zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970. Hali imetulia tangu hapo: magenge yamevunjwa, na China ilifunga soko lake la ndani la pembe mwishoni mwa 2017. Kenya ilichagua moto. Rais Moi alichoma tani 12 mwaka 1989, mwaka ambao biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku, na mwaka 2016 Uhuru Kenyatta akachoma tani 105.

Ujangili huacha alama hata kwenye damu. Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliua zaidi ya asilimia 90 ya tembo. Majike wasio na pembe walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Baada ya vita wakawa nusu, kwa sababu hao ndio walioachwa hai wakazaa.

Tembo wameingia shambani kwangu. Nifanye nini?

Hili ndilo swali zito, na anayeliuliza hana haja ya kusikia tembo ni urithi wa taifa. Kundi likiingia ekari mbili za mahindi yaliyokomaa, asubuhi hakuna ada ya shule.

Kwanza, usimkabili gizani kwa panga au mshale. Waliouawa na tembo wengi walikuwa karibu mno. Toa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji, kwa askari wa wanyamapori wa kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Makelele, tochi zenye mwanga mkali na honi hufanya kazi mkiwa kundi, mkiwa upande mmoja, na mkimwachia njia ya kutokea. Mkimzunguka mmemlazimisha apite juu yenu.

Pili, uzio wa pilipili. Kamba ya katani, vitambaa vilivyolowekwa kwenye pilipili iliyotwangwa na oili chafu ya gari, vinaning'inizwa kuzunguka shamba. Oili huzuia mvua isisuuze pilipili. Lazima upake upya, na hapo ndipo wengi huchoka.

Tatu, nyuki. Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima wamening'iniza mizinga kwenye waya kila baada ya mita kumi. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika na wenye nyumba wanatoka. Nyuki humuuma panapouma: machoni, na ndani ya mkonga. Uzio huu hauzuii kila tembo, lakini mkulima anauza asali.

Kuhusu malipo: Kenya, sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, ingawa kulipwa ni safari ndefu. Tanzania kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au jeraha. Majina yenyewe yanakwambia kuwa si fidia kamili. Piga picha, pima eneo, fungua taarifa kabla hujavuna mabaki.

Na kabla ya kununua kiwanja au shamba jipya, uliza kama ni ushoroba, yaani mapito ya wanyama. Njia kama ya Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, tembo walizipita kabla ya barabara. Muuzaji hatakwambia.

Nikikutana naye njiani kwa miguu?

Kama hajakuona, rudi ulikotoka polepole, upepo ukitoka kwake kuja kwako. Usikae kati ya mama na ndama. Akitanua masikio, akainua kichwa na kupiga baragumu, mara nyingi anakuonya. Ondoka bila kukimbia. Akilaza masikio, akakunja mkonga na kuja kimya, hataki tena mazungumzo: weka kitu kikubwa kati yenu, mti mnene, mwamba, gari.

Ukiwa ndani ya gari, mpe nafasi ya kuvuka. Usipige honi ili ageuke upate picha.

Niende wapi kuwaona, na lini?

Tarangire, kuanzia Julai hadi Oktoba, mto ukiwa ndio maji pekee. Amboseli, kwa picha zenye Kilimanjaro nyuma, asubuhi mapema kabla mawingu hayajafunika kilele. Tsavo kwa wale wekundu wa udongo. Si rangi yao, ni vumbi. Ruaha kama hupendi msongamano wa magari. Raia wa Tanzania, beba kitambulisho: kiingilio chako ni kidogo sana kuliko cha mgeni, na getini hawakubali maneno matupu.